Wachezaji wa Jumapili na Wachezaji wa Phonie

Yaya Julie, dada mkubwa wa wasomaji wote wa gazeti, nimeshika kikwembe chako kama mtoto anayeogopa kupotea sokoni, usiniondokee kabla hujanisikiliza, maana najua watu watanicheka, watasema nchi imeanguka, walimu hatulipwi, kiwanda kimenyamaza, na huyu mwanamke mzima mwenye watoto wakubwa analia kwa sababu ya mchezo wa dadu, lakini mimi nalia kweli, na sina mtu wa kumweleza, kwa sababu kila mtu ambaye ningemweleza yumo ndani ya ugomvi wenyewe.

Jina langu ni Gertrude, ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Panda hapa Likasi na mume wangu Mathieu, ambaye ni fundi wa umeme kiwandani, au niseme alikuwa, maana siku hizi anakwenda kazini kukaa tu na wenzake na kurudi. Mwaka 1982 watoto wetu walishikwa na surua, tukawafungia ndani, wakanisumbua mpaka nikachukua kipande cha triplex, ubao mwembamba, kilichobaki kwenye kabati tulilotengeneza, nikachora juu yake njia ya treni yenye vituo, nikachora na mwanamke mmoja mnene wa kutoka Panda, nikamwita Maman Véro. Hadithi yake ilikuwa hivi: Maman Véro alikuwa mshonaji, siku moja mashine yake ya kushona ikapakiwa kwa makosa kwenye wagoni iliyokuwa inakwenda mbali, naye akapanda treni ya nyuma kuifuata. Kila mchezaji alikuwa na kizibo chake cha chupa, anatupa dadu, anasogea, na akifika kwenye kituo chenye picha mchezo wote unasimama mpaka mtu asimulie yaliyompata Maman Véro pale. Tena kulikuwa na mto, na anayetangulia kufika mtoni hawezi kuvuka peke yake, anamngoja mwenzake, kwa sababu ule mtumbwi unataka wapiga kasia wawili.

Watoto walipona, mchezo haukuisha. Noeli iliyofuata nilichora ubao wa pili, Maman Véro amefika Kamina na kuambiwa mashine imeondoka jana, na Noeli nyingine ubao wa tatu, amefika Kananga, na nyingine tena, na kila mwaka majirani walikuwa wananiuliza tangu mwezi wa kumi, Mama Gertrude, mwaka huu ataipata? Yaya Julie, wewe unazikumbuka Jumapili zile. Tulikuwa tunatoka Misa ya pili, king'ora cha kiwanda kinalia tukiwa njiani, nyumbani bukari ya unga wa mahindi iko tayari na samaki wa mto Lufira wanakaangwa, orkesta ya cercle, klabu ya wafanyakazi, inafanya mazoezi ng'ambo ya barabara, na meza yetu inajaa mpaka Mathieu anakula amesimama. Alphonse, dereva wa treni, alikuwa anapiga mluzi kama locomotive kila kizibo kikiingia kituoni. Mke wake Berthe alikuwa anazijua hadithi zote kwa kichwa, na alikuwa analia kabla hatujafika mahali pa kulia. Na Mbombo, mama jirani yangu, ambaye ua wake uligusana na wangu, yeye ndiye aliyekuwa sauti ya Maman Véro. Hata leo Maman Véro akisema kitu kichwani mwangu anakisema kwa sauti ya Mbombo.

Halafu ikaja miaka hii. Kule cercle waporaji walivunja milango wakabeba hata viti. Na mwaka 93 watu wenye asili ya Kasai waliambiwa warudi kwao, na Mbombo, ambaye amezaliwa hapa hapa Likasi na hajawahi kukanyaga Kasai hata siku moja, akafunga nyumba yake akaenda kulala kwenye gare ya treni pamoja na maelfu ya wengine, juu ya mizigo, kwenye mvua, wiki nyingi. Nilikuwa nampelekea chakula. Siku ya kuondoka nilimpa ubao wa Maman Véro, nimeuchora upya kwa ajili yake, akaufunga kwenye kikwembe. Na treni iliyomchukua, Yaya Julie, iliendeshwa na Alphonse wetu. Alipangiwa zamu, hakuchagua. Aliporudi kutoka safari ile aliomba kustaafu, na hakuna aliyewahi kumsikia akisimulia lolote. Tuliendelea kucheza Jumapili, lakini alikuwa hapigi tena mluzi.

Sasa nakuja kwenye shida yenyewe. Mwaka jana Jimmy, mtoto wa dada yake Mathieu, alifungua phonie kule Kikula, kwenye gereji ya zamani, ana redio yake na betri ya lori na waya mrefu juu ya miti, na watu wanapanga mstari kuzungumza na ndugu zao wa mbali. Jumamosi moja wakaja kunikimbilia, Mama Gertrude, Mwene-Ditu inakuita! Nilikwenda na mikono yenye unga. Ilikuwa Mbombo, kutoka kule Kasai alikopelekwa. Tulilia kidogo, tukaulizana habari za watoto, halafu akasema, «Gertrude, ubao iko hapa mbele yangu. Tupa dadu, à toi, ni zamu yako.» Nikatupa, Yaya Julie, juu ya meza ya Jimmy, nikamtajia namba, naye akatupa kule Mwene-Ditu akanitajia yake, na kwa mara ya kwanza tangu aondoke nilicheka mpaka tumbo likaniuma.

Phonie haina siri. Anasema mmoja, wanasikia wote. Wa kwanza kuingilia alikuwa kijana mmoja anaitwa Merdi, anafanya kazi kwenye barrage ya Mwadingusha, bwawa la umeme, akauliza mnacheza nini, nami nikamsomea vituo akavichora kwenye katoni. Halafu Kolwezi ikaingia, halafu Kamina. Baada ya miezi michache kila Jumamosi mchana, saa ambayo phonie haina watu wengi, kulikuwa na vijana kwenye benchi la Jimmy na vijana katika kila mji, Likasi inashindana na Kolwezi, Mwadingusha inashindana na Kamina. Ni watoto wazuri, wanacheza kwa akili na kwa vicheko. Ila Maman Véro hawamjui, wala hawataki kumjua. Nikianza kusimulia, Merdi anakata: «Mama, ile mashine ya kushona inatuhusu nini shiye? Mvua inakuya, phonie itakatika. Tupa!» Na mtoni hawataki kungojana. Wakajitungia sheria yao: ukitua kwenye kituo alichopo mwenzako, unamfukuza, anarudi mwanzo, ku gare.

Wazee wangu wa Jumapili walipopata habari, Berthe alikuja akasimama mlangoni na kikapu chake, hata hakuingia. «Gertrude, banasema kule ku phonie Maman Véro haiko tena. Ulimuua?»

Nikasema nitawapatanisha. Noeli hii nilichora ubao mmoja wa wote. Hadithi nikazikata zikawa sentensi moja moja ili vijana wavumilie, mto nikauacha ili wazee wafurahi, na ile sheria ya kufukuza nikaiandika kwa rangi nyekundu. Nikawaita Alphonse na Berthe waje kwa Jimmy, tucheze na Mbombo na vijana pamoja, iwe siku moja ya watu wote.

Alphonse alitupa dadu yake, akahesabu, kizibo chake kikatua pale alipokuwa Mbombo. Vijana wa benchi wakaruka: «Fukuza! Fukuza! Mbombo ku gare!» Na Merdi kule Mwadingusha naye anapiga kelele hivyo hivyo, ku gare, ku gare.

  Halafu Mbombo akasema polepole, «Nasikia. À toi.»

Alphonse alikuwa ameshika kile kizibo. Akakiweka mezani, akavaa kofia yake. «Ile kintu haiko muchezo,» akasema. «Minye sitacheza tena. Na muniache.» Akatoka, Berthe nyuma yake.

Vijana hawakuelewa, walikuwa wadogo wakati ule. Kamina walisema ubao mpya ni mrefu na unachosha, wakatoka katikati. Tangu siku ile Mbombo hajaita tena. Berthe ananisalimia kanisani kama mtu anayesalimia mgeni. Merdi ananitumia ujumbe kwamba wao wako tayari kuendelea peke yao, nitoe hadithi zote, nitoe na mto, nichore ubao mfupi wa kushindana tu, na kwamba katika kila mji wenye phonie watu wataupenda. Mathieu naye anasema, «Bibi yangu, ni mbao. Weka mu mbabula tupike.»

Yaya Julie, nifanye nini? Nikiwafuata wazee, nitafunga mlango ambao Mbombo alipitia kurudi kwetu. Nikiwafuata vijana, nitamzika Maman Véro kwa mikono yangu, na pamoja naye Jumapili zote zile. Usiku silali, nachora kichwani, nafuta, nachora tena. Nijibu hata kwa kunigombeza.

Ni mimi Gertrude, wa Panda.

*

Gertrude dada yangu,

Umeomba kugombezwa, basi kaa vizuri. Lakini kwanza nikuambie kwamba sikukucheka. Nimeisoma barua yako mara mbili jikoni na chakula changu kimeungua. Mimi pia nilikuwa nasikia orkesta ile ya cercle ikifanya mazoezi, nilikuwa nakaa upande wa pili, karibu na dispensaire, na tulikuwa tunafungua madirisha makusudi. Mtu anayesema mchezo si kitu hajawahi kuona meza iliyokuwa na watu kumi ikibaki na watatu.

Sasa nikugombeze. Ulikuwa na watu wa namna mbili wanaopenda vitu viwili, wewe ukachukua kisu ukakata kila kitu nusu, ukawapa wote nusu, ukashangaa kwa nini hakuna aliyeshiba. Hadithi ya sentensi moja haimlizi Berthe, na mto wa kungojana unamchosha kijana ambaye nyuma yake kuna mama anayengoja kutangaza msiba. Huko siko kupatanisha. Ulikuwa unaogopa kukasirikiwa, mwisho wake wamekukasirikia wote. Mtu anayetaka kukaa mezani akasimuliwa mpaka jua lizame, mpe meza. Mtu anayetaka kushindana na Kolwezi kabla ya radi, mpe ubao mfupi. Nani alikuambia lazima uwe ubao mmoja? Mama mwenye watoto wawili hawashonei suruali moja.

La pili ni zito zaidi. Ile sheria nyekundu. Gertrude, uliandika kwa mkono wako kwamba mtu anafukuzwa anarudishwa gare, ukamweka mezani Mbombo aliyefukuzwa akalala gare, na Alphonse aliyeendesha treni. Mimi najua hukukusudia ubaya. Ulikuwa unafikiria vizibo. Lakini anayetengeneza mchezo anatengeneza na maneno yatakayopigiwa kelele ndani yake, na maneno hayo yatamfikia mtu mwenye jina na kidonda. Huwezi kusema ni vijana walioleta. Wao waliyaleta hewani, wewe ndiye uliyeyapaka rangi.

Na vijana hao usiwachukie. Nakuona jinsi unavyowaandika, watoto wazuri, watoto wazuri, lakini moyoni unawadai kitu. Unataka Merdi akurudishie king'ora na samaki na cercle. Hana. Alipopata akili alikuta milango imeshavunjwa. Ninyi mlikuwa na Jumapili, yeye ana saa moja ya Jumamosi na sauti za watu asiowaona, na katika umaskini huo amejitengenezea furaha. Heshimu. Halafu mfundishe, maana hakuna aliyemfundisha. Umewahi kumwambia, kwa maneno ya wazi, kilichotokea pale gare? Ninyi watu wazima wa Likasi mnapita mbele ya gare ile mkiangalia upande mwingine, halafu mnashangaa mtoto akifanya neno hilo kuwa kichekesho.

La mwisho kabla sijakutuma kazi. Katika barua yako yote umeniambia anachotaka Berthe, anachotaka Merdi, hata anachotaka Mathieu na mbabula yake. Sijasoma mahali popote anachotaka Mbombo. Umeona haiti tena, ukajijazia mwenyewe maneno ndani ya ule unyamavu. Labda amekasirika. Labda amelia. Labda betri yao imekufa! Unajuaje? Yeye ndiye sauti ya huyo Maman Véro wako, yeye ndiye aliyesema tupa dadu, bila yeye hakuna Jumapili wala phonie, na wewe unakaa usiku kucha ukichora kichwani bila kumuuliza.

Kwa hiyo fanya hivi. Weka penseli chini. Usichore mstari hata mmoja mpaka umalize nitakayokuambia. Jumamosi hii nenda kwa Jimmy asubuhi, kabla ya vijana, uite Mwene-Ditu, na usiposikilizwa nenda Jumamosi inayofuata. Ukimpata, omba msamaha kwa maneno machache, usilie sana akaanza yeye kukubembeleza, halafu muulize: unataka mchezo huu uweje? Ukishauliza, nyamaza, umwache ajibu.

Kwa Alphonse usitume mtu, wala usiende na ubao chini ya mkono. Nenda mikono mitupu, ukae kwake. Akisema, sikia. Asiposema, kunywa maji yake uondoke, na wiki nyingine urudi. Berthe mwambie hadithi zake za meza hazitakatwa tena hata neno moja, na ulitimize hilo. Merdi mweleze habari ya gare wewe mwenyewe, kwenye phonie, wasikie wote. Na kwa ajili ya Mungu, mtu akiingia kwa Jimmy na habari ya mgonjwa au ya kifo, dadu ibaki hewani mpaka amalize.

Mathieu mwambie mbabula inataka makaa, si mbao za kuchorwa. Akitaka moto akanunue.

Nenda sasa. Unaandika barua ndefu sana kwa mtu mwenye kazi nyingi hivyo.

Yaya Julie

*

*Baada ya Pasaka Mama Gertrude alituandikia tena. Ameruhusu tuichape.*

Yaya Julie, nilikwenda. Jumamosi ya kwanza Mwene-Ditu haikujibu, na ya pili haikujibu, nikawa narudi nyumbani kwa miguu nikijilaumu njia nzima. Ya tatu, Mbombo huyu hapa. Betri yao ilikuwa imekufa kweli, wiki ile ile! Nikaomba msamaha, nikauliza kama ulivyoniambia, nikanyamaza.

Akacheka kwanza. «Nililia, ndiyo, nilifika ku nyumba nikalia. Lakini kisha niliwaza: hee, na minye nitamurudisha Alphonse ku gare siku ingine, ataona!» Halafu akaacha kucheka. «Gertrude, usitoshe gare, usiifute. Kama unaitosha, itakuwa kama haikukuwako. Shida ya gare yako ni moja: haina bantu. Unarudisha muntu pale, anabaki yeye peke yake. Gare yetu ilikuwa na bantu. Tulipika pale, tuliimba, bamama walizaa. Weka bantu.»

Hivyo ndivyo tulivyofanya, na wazo ni lake lote. Kwenye ubao wa phonie, ambao sasa ni mfupi kama Merdi alivyotaka na hauna mto, anayerudishwa gare hakai kimya. Anasimulia jambo moja, fupi, la pumzi moja, lililompata Maman Véro au lililompata yeye mwenyewe au mtu wake, na akishasimulia anatupa dadu mara mbili na kurudi njiani. Neno fukuza tumelitoa. Nilimweleza Merdi sababu, wote wakisikia.  Akasema, «Mama, hatukujua. Hakuna muntu alituambia.»

Kolwezi walitoka, walisema sasa kuna maneno mengi. Nimewaacha waende, wana ubao wao na wanaendelea kufukuzana. Lakini Mwadingusha wamebaki, Kamina wamerudi, na Berthe, ambaye aliapa hatakanyaga kwa Jimmy, sasa anakuja kila Jumamosi na kiti chake cha nyumbani, na akirudishwa gare vijana wanashangilia, maana wanajua atawaliza. Wengine wameanza kuja Panda Jumapili kucheza ule mrefu. Bukari haitoshi, wanaleta unga wao.

Alphonse nilikuwa nakaa kwake kila wiki. Nilikunywa maji yake nikaondoka. Kisha Jumamosi kabla ya Matawi alikuja nyuma ya Berthe, akasimama mlangoni mwa gereji na kofia yake kichwani, kama mtu anayepita tu.

Siku hiyo Merdi alirudishwa gare. Zamu yake ya kusimulia ilipofika alisema, «Minye sina ya kusema, mutoto ya barrage. Maman Mbombo, unisaidie, useme ya kwako.»

Mbombo akaanza. Akasema walikuwa wamejazana kwenye wagoni, watu juu ya watu, maji yamekwisha, na binti yake Danielle alikuwa amejifungua humo humo ndani, mtoto hata hajaoshwa. Treni ikasimama porini, mahali pasipo na kituo, karibu na kijito. Askari wakashuka wakipiga kelele, nani ameamuru kusimama? Na dereva akashuka na ndoo ya mashine yake, akawaambia locomotive imepata moto, haiwezi kwenda bila kupoa, nao wakamtukana wakamwacha. Watu wote wakateremka kijitoni, wakanywa, wakajaza masufuria, na Danielle akamwosha mtoto. Mashine ile ilichukua muda mrefu kupoa.

«Haikukuwa na moto,» Mbombo akasema. «Niliigusa na mukono yangu. Baba Alphonse, sijui kama unanisikia. Sikukwambiaka merci, aksanti.»

Sote tuligeuka kuangalia mlangoni. Alphonse alikuwa amevua kofia. Akaja polepole katikati ya watu, Jimmy akampa micro, akaisogeza mdomoni.

«Mbombo,» akasema. «Yule mutoto. Alipona?»

«Alipona, baba! Iko hapa na minye, anakimbia mu nyumba ya bantu, anavunja bintu. Ndiye yeye anapiga kelele, unasikia? Ngoja nimunyamazishe.»

«Hapana,» Alphonse akasema. «Hapana, muache. Muache apige.»